Nimewapigia wengine picha maisha yangu yote. Je, humo mna filamu yangu mwenyewe?

"Nimekuwa mpigapicha wa filamu za makala kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimepiga picha za vita, uchaguzi, wodi za wazazi, mafuriko, wakulima, wanasiasa. Filamu zilitoka kwa majina ya waongozaji, nami nikaenda kwenye kazi iliyofuata. Nyumbani nina masanduku ya mikanda, mingi ya MiniDV na michache ya Betacam, pamoja na diski ngumu ambazo nyingine sijaziwasha kwa miaka. Kuna pia mikanda michache ya binti yangu alipokuwa mdogo, niliyoipiga kati ya safari na safari. Sasa ni mtu mzima. Nataka kutumia picha hizi kusimulia maisha yangu. Rafiki yangu mtayarishaji ameniambia niachane na wazo hilo: kwanza picha si zangu, pili mimi mwenyewe sionekani hata kwenye shoti moja, na tatu bila msimulizi hakuna atakayeelewa kitu. Je, yuko sahihi? Na kama hayuko sahihi, nianzie wapi?"

Ndugu yangu, nianze na huyo rafiki yako. Hoja zake ni tatu, na yenye uzito ni moja tu, ile ya umiliki wa picha. Hata hiyo ameieleza nusu. Nyingine mbili zinatokana na namna tulivyozoeshwa kuitazama kazi ya mpigapicha, kwamba yeye ni macho ya kukodi: anafika, anachukua alichoagizwa, anaondoka. Wanaofikiri hivyo hawajakaa na picha ghafi, yaani kila kilichorekodiwa kabla ya kuhaririwa. Mimi ni mhariri wa filamu za makala, na picha ghafi ndizo zinazonilisha. Nakuhakikishia kwamba umo humo, tena umejaa tele.

Fikiria jinsi shoti moja inavyopatikana. Mwongozaji amekaa pembeni anazungumza na mama aliyepoteza nyumba kwenye mafuriko. Wewe ndiye unayeamua kama kamera itabaki begani imtazame kutoka juu, au utapiga goti ili lenzi ilingane na macho yake. Mama anaanza kulengwalengwa na machozi. Una muda usiofika sekunde moja: uivute picha hadi usoni, au uiache ilipo umpe nafasi ya kulia? Hakuna wa kumuuliza. Kisha anamaliza kusema, mwongozaji anafunga daftari, nawe huzimi. Unabaki naye. Anaitazama mikono yake, halafu anainua uso na kukutazama wewe uliye nyuma ya kamera. Sekunde hizo hazikuingia kwenye filamu ya mafuriko kwa sababu haziongezi lolote kuhusu mafuriko. Kukuhusu wewe, zinasema mengi.

Na hapo sijataja sauti. Maikrofoni iliyo juu ya kamera imekaa karibu na mdomo wako kuliko wa mtu mwingine yeyote. Imenasa pumzi zako ulipopanda ngazi, "samahani mama, sogea kidogo kwenye mwanga", mluzi wako ukisubiri betri, nyayo zako ulipokimbia. Kwa kawaida mimi hulipwa kuyaondoa hayo yote. Ndiyo maana filamu zilizotoka hazina wewe: kuna mtu aliyekaa chini na kukutoa kwa makusudi, kipande baada ya kipande. Ulichonacho kwenye masanduku ni nakala ambayo hakuna aliyekutoa.

Kazi ya namna hii imekwishafanywa, na ikafanywa vizuri sana. Mwaka 2016 mpigapicha wa Marekani, Kirsten Johnson, alitoa filamu iitwayo Cameraperson. Inaanza kwa maandishi mafupi: kwamba kwa miaka 25 amefanya kazi ya kupiga picha filamu za makala, kwamba picha hizi alizipiga kwa ajili ya filamu nyingine, na kwamba anatuomba tuzitazame kama kumbukumbu za maisha yake. Baada ya hapo hakuna msimulizi. Panatokea jina la mahali, tunaona kipande, tunahamia kwingine: Bosnia, Nigeria, Darfur, chumba cha mabondia Brooklyn, nyumbani kwa mama yake aliyekuwa akipoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa Alzheimer. Mapema kabisa kuna shoti ya anga pana lenye mawingu mazito. Kamera imetulia, radi inapiga, shoti imekamilika. Kisha mpigapicha anapiga chafya na picha yote inatikisika. Mhariri wa filamu ya kawaida angekata kabla ya chafya. Yeye na mhariri wake, Nels Bangerter, waliiacha, na kwa chafya hiyo tunajua kuna mtu hapo, ana mwili, amesimama kando ya barabara. Kwingine mkono wake unaingia kwenye fremu kung'oa majani yanayoziba lenzi. Uso wake hatuuoni isipokuwa mara chache kabisa, na bado tunatoka tukiwa tumemfahamu.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza unaweza kukushtua: usianze na shoti zako bora. Kila mpigapicha ninayemfahamu akiambiwa ajieleze kwa picha huchagua machweo, nyuso zenye mwanga mzuri, helikopta juu ya mto. Huo ni mkanda wa kuombea kazi. Unamwambia mtazamaji jinsi ulivyo hodari, na baada ya dakika tano atakuwa amekubali na kuchoka. Tafuta kilichorekodiwa kabla mwongozaji hajasema "anza" na baada ya kusema "basi". Tafuta shoti uliyokosea fokasi kwa sababu kuna kilichokushtua. Tafuta mahali uliposhusha kamera ikaendelea kurekodi sakafu huku ukimsaidia mtu kunyanyua kitanda.

Lakini kabla hujatafuta chochote, iokoe mikanda. Hili ndilo la haraka kuliko yote, na lingekuwa la haraka hata kama usingetaka kutengeneza filamu. Tabaka la sumaku juu ya utepe huchakaa kwa joto na unyevu. Watunza nyaraka hukadiria umri wa mkanda kuwa kati ya miaka 10 na 30, kutegemea ulivyotunzwa. MiniDV iliingia sokoni mwaka 1995, kwa hiyo mikanda yako ya mwanzo imo kwenye ukingo wa muda wake. Tatizo jingine ni mashine. Kamera za kuichezea MiniDV hazitengenezwi tena, na mashine za Betacam zilizobaki duniani zinaishi kwa vipuri vya mashine zilizokufa. Kila mwaka unaosubiri, kuna fundi anayestaafu na kichwa cha kusomea kinachokwisha.

MiniDV unaweza kuihamisha mwenyewe ukipata kamera nzima na kompyuta yenye tundu la FireWire, waya wa kuhamisha data ya kidijitali kutoka kwenye kamera. Tumia waya huo, usitumie zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe za televisheni. Picha ya MiniDV tayari ni ya kidijitali ndani ya mkanda; kwa FireWire unapata data ileile, saa moja ikichukua takriban gigabaiti 13. Kwa nyaya za televisheni unapata picha iliyotengenezwa upya kutoka kwenye picha, na unapoteza kitu ambacho kwako ni dhahabu: tarehe na saa ya kurekodi, ambayo kamera za DV huiandika ndani ya data bila kuionyesha kwenye picha. Ukiwa na tarehe hizo utaweza kuona, kwa mfano, kwamba mkanda wa wodi ya wazazi na mkanda wa binti yako akijifunza kuendesha baiskeli vimetengana kwa siku nne. Baadhi ya tarehe zitakuwa za ajabu kwa sababu saa ya kamera haikurekebishwa baada ya betri kufa. Zilinganishe na mihuri ya pasipoti zako za zamani.

Betacam mpelekee mtaalamu wa kuhamisha mikanda, usinunue mashine iliyochoka ukajaribu mwenyewe. Na mkanda wowote wenye unga mweupe au madoa ya ukungu pembeni ya utepe usiutie kwenye mashine kabisa, uwe wa aina gani. Ukungu utahamia kwenye vichwa na kutoka hapo kwenye mikanda mingine. Huo uuweke kando ndani ya mfuko wake na umwonyeshe fundi kwa macho yake. Vivyo hivyo diski: ukiiwasha ikagongagonga, izime na usiiwashe tena mpaka ifike kwa mtu anayefufua data. Kinachookolewa, kiwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako. Faili za mwanzo zisiguswe. Na picha za zamani za umbo la 4:3 ziache na umbo lake, usizinyooshe wala kuzikata zijaze kioo cha leo. Ule upana mdogo unamwambia mtazamaji ni miaka gani kabla hujaandika neno.

Sasa kutazama. Tazama kila mkanda mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wake wa kawaida, hata pale ambapo kwa dakika sita kuna ukuta tu. Kaa na daftari lenye safu tatu. Ya kwanza: kinachoonekana na kusikika. Ya pili: kilichokuwa kikiendelea nje ya fremu, ambacho unakijua wewe tu. Ya tatu: mwili wako ulikuwaje, ulikuwa na njaa, woga, haraka, hamu ya kurudi nyumbani. Safu ya kwanza msaidizi yeyote anaweza kukujazia. Ya pili na ya tatu zikipotea zimepotea, kwa sababu hazimo kwenye mkanda wala kichwani mwa mwongozaji. Unakuta shoti tulivu ya soko lililofungwa, na kwenye safu ya pili unaandika: "Dereva anapiga honi, anataka tuondoke, mimi nazidi kurekodi." Hapo ndipo utajua kwa nini shoti tulivu inakusumbua miaka yote hii.

Utakutana na kikwazo kimoja ambacho wapigapicha hawakitarajii. Shoti zako zimeshikamana na maana walizopewa na filamu za awali. Ukiona uso wa yule mama, kichwani inakuja sauti ya msimulizi wa filamu ya mafuriko. Ili uelewe jinsi ya kuzibandua, kumbuka jaribio la mwongozaji wa Kisovieti, Lev Kuleshov, karibu na mwaka 1920. Alichukua uso uleule wa mwigizaji asiyeonyesha hisia yoyote, akauunganisha na picha ya bakuli la mchuzi, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji, inavyosimuliwa, waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa, ilhali uso ulikuwa mmoja. Maana haikai ndani ya shoti pekee. Inazaliwa kwenye kiungo kati yake na jirani yake. Filamu ya awali ilichagua jirani mmoja. Wewe una uhuru wa kumbadilisha.

Nikupe mfano. Tuseme una shoti ya mwanamke kambini anakunja nguo za mtoto. Kwenye filamu ya awali ilitumika kwa sekunde tatu, kama ushahidi kwamba watu wamehama. Kwenye mkanda ghafi inadumu sekunde arobaini na tano. Anakunja kishati cha bluu, anakipapasa kola, anakikunjua, anakikunja tena. Kwa nini hukuzima? Sasa chukua mkanda wa binti yako: anacheza sebuleni, na pembeni ya fremu, nusu yake imekatwa, kuna begi lililo wazi na mashati yako yamekunjwa juu yake. Ulipopiga, begi halikuwa na maana. Ulikuwa unampiga picha mtoto. Ziweke shoti hizo mbili mfululizo, bila muziki, bila neno. Sitakueleza kinachotokea, utakiona. Filamu yako itatengenezwa kwa viungo vya namna hiyo, na huvipati kwa kufikiri, unavipata kwa kuzijua picha zako kiasi kwamba mkono mmoja unaukumbuka mkono mwingine uliopigwa miaka tisa kabla.

Kuhusu mpangilio, usijifunge na mfuatano wa miaka. Jonas Mekas, mzaliwa wa Lithuania aliyeishi New York na kupiga picha maisha yake kwa miongo mingi, alitoa mwaka 2000 filamu ya karibu saa tano iliyotokana na mikanda yake ya nyumbani, na humo anakiri kwamba alijaribu kuipanga kwa mfuatano wa miaka akaacha, akaunganisha vipande vilivyomjia mkononi. Sikushauri saa tano. Ila kanuni yake ni ya kweli: kumbukumbu haiji kwa kalenda. Ninachopendekeza ni kuchagua mahali pachache utakaporudi mara kadhaa ndani ya filamu, ili mtazamaji apate watu wa kuwasubiri. Maeneo thelathini ya kupita mara moja moja yatamwacha na uchovu wa safari tu.

Hoja ya msimulizi, basi. Rafiki yako anasema bila sauti ya kueleza hakuna atakayeelewa. Johnson amethibitisha vinginevyo, lakini nisikudanganye kwamba njia hiyo inafaa kila mtu. Yuko mpigapicha wa Kenya, Mohamed Amin, aliyezaliwa mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984, akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC, ziliitikisa dunia. Alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia, na akafariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Maisha hayo yalisimuliwa baadaye kwenye filamu Mo & Me, na anayesimulia ni mwanawe, Salim. Pale sauti inahitajika. Mwenye picha hayupo, matukio ni ya historia, na swali lenyewe ni la mtoto: baba huyu aliyekuwa kila mahali, kwangu alikuwa nani? Bila sauti ya mwana, filamu hiyo ingebaki kuwa maktaba ya habari.

Wewe upo, na kwa maelezo yako matukio si lazima yajulikane kwa tarehe. Kwa hiyo ningeanza bila msimulizi, kwa maandishi machache ya kufungulia na majina ya mahali. Hofu yangu kuhusu sauti iliyoandikwa leo ni kwamba humfanya mpigapicha wa zamani aonekane alijua yasiyojulikana. Ulikuwa kijana mwenye kamera nzito usiyeelewa unachokiona. Sentensi nzuri ya leo itakufuta zaidi ya alivyokufuta mhariri yeyote. Ipo njia ya kati: mtu unayemwamini akae nawe unapotazama mikanda, akuulize maswali, nawe unarekodiwa. Maneno yatakayokutoka bila kupangwa ("huyu… huyu alikuwa amefiwa asubuhi ile") yana uhai ambao kalamu haina. Kisha onyesha rasimu kwa watu wachache wasiokujua. Wakipotea kabisa, ongeza maandishi au sauti mahali hapo tu. Wakiwa wanajiuliza maswali lakini wanaendelea kutazama, usiguse.

Nimechelewa kufika kwenye umiliki kwa makusudi, kwa maana wengi huanza nao na kukata tamaa. Ukweli ni huu: kuwa na mkanda ndani ya sanduku lako si kuwa na haki ya picha iliyomo. Haki ya picha za filamu kwa kawaida huenda kwa kampuni iliyogharamia, kupitia mkataba uliosaini au kupitia sheria ya ajira. Hata Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaolinda hakimiliki kimataifa, umeacha suala la nani mmiliki wa filamu liamuliwe na sheria ya kila nchi ambako ulinzi unadaiwa. Kwa hiyo hakuna jibu moja nitakaloweza kukupa nikiwa hapa.

Hata hivyo "si zako" haina maana kwamba huwezi kuzitumia. Maana yake ni kwamba utaomba. Tafuta mikataba yako yote, hata ile ya ukurasa mmoja. Orodhesha picha unazozitaka kwa filamu: mkanda, dakika, sekunde, na maelezo ya kinachoonekana. Mwandikie mtayarishaji barua mahususi. "Naomba sekunde 38 kutoka mkanda wa tatu, hazikutumika kwenye filamu, zinaonyesha mikono ya mama baada ya mahojiano" ni ombi ambalo mtu anaweza kulikubali siku hiyohiyo. "Naomba kutumia picha nilizopiga" ni ombi la kupelekwa kwa wanasheria wao. Vipande visivyotumika mara nyingi havimgharimu mtayarishaji kitu. Tena, wengi wao hawana tena mikanda ghafi; iliharibika, ilipotea, kampuni ilihama. Ukiwapa nakala safi uliyoihamisha kwa gharama yako, mazungumzo yanabadilika. Vituo vikubwa vya televisheni vitakutoza kwa dakika, na baadhi watakataa. Omba kabla hujakamilisha uhariri, ili kukataliwa kusivunje mhimili wa filamu.

Msamaha wa kisheria wa kutumia vipande vifupi bila ruhusa upo kwenye nchi kadhaa, lakini mipaka yake inatofautiana, na msambazaji au tamasha kubwa litakuuliza hati. Ukishakuwa na orodha na mikataba mkononi, kaa ana kwa ana na mwanasheria wa hakimiliki anayefahamu filamu. Ukienda na orodha utalipa saa chache. Ukienda na hadithi utalipa nyingi.

Kuna ruhusa nyingine ambayo mwanasheria hawezi kukupa. Yule mama wa mafuriko alisaini fomu, na huenda fomu inasema "matumizi yoyote". Lakini alichokikubali moyoni ni kusaidia watu waelewe mafuriko. Hakukubali kuwa sura katika maisha yako. Wengine hali zao zimebadilika. Aliyekuwa salama kusema wakati ule pengine si salama leo. Cameraperson yenyewe ilizaliwa kwenye kisa cha aina hii. Johnson alikuwa akitengeneza filamu nyingine Afghanistan, na msichana aliyekuwa mhusika akaomba asionekane kwa kuhofia usalama wake. Filamu ile ikaanguka, na swali lililobaki, la nini anachodaiwa na watu anaowapiga picha, likawa moyo wa filamu mpya.

Watafute wanaopatikana. Waonyeshe kipande chenyewe pamoja na jirani yake, kwa sababu umeona jinsi jirani anavyobadilisha maana. Kwa waliofariki, tafuta ndugu. Kwa watoto, wagonjwa, na waliosimulia ukatili waliofanyiwa, weka kiwango cha juu zaidi ya sheria: kama hukumpata wa kukubali, uso usionekane. Mara nyingi hupotezi kitu. Mikono, sauti, mgongo unaoondoka, kiti kilichobaki baada ya mtu kuinuka. Wapigapicha wazuri wamepiga hivyo vyote bila kujua vitahitajika.

Jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Umepiga picha za vita. Siku ile ulikuwa na kazi iliyokukinga: mwanga, fokasi, betri, mahali pa kukimbilia. Sasa utaketi kwenye kiti bila kinga hiyo, na utaona kwa mara ya kwanza ulichokirekodi. Mikanda mizito itazame mchana, kwa muda mfupi, mara ya kwanza bila sauti, na mtu awepo nyumbani. Usingizi ukikatika, ndoto zikirudi, ukaanza kushtuka ovyo au kukwepa watu, simamisha kazi. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi, muone daktari au mshauri wa kisaikolojia ana kwa ana; na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Mikanda iliyokwisha kuhamishwa haiendi popote.

Na mikanda ya binti yako. Kwa jinsi ulivyoitaja kwa sentensi moja tu, nahisi ndiyo inayoshikilia filamu nzima, kwa sababu inaonyesha ulichokuwa ukikiacha kila ulipokwenda kupiga picha za wengine. Humo hakuna mtayarishaji wa kumwandikia barua; haki ni zako. Lakini yeye hakuulizwa hata mara moja, na alikuwa mtoto. Muulize sasa, kabla hujaunganisha vipande viwili. Mpe mikanda yake aitazame peke yake kwanza, yote, bila wewe kumwelekeza atazame nini. Huenda anaikumbuka sebule ile tofauti na wewe, na huenda kwake lile begi lilikuwa katikati ya fremu siku zote. Akikataa, filamu bado inawezekana: una mihuri ya pasipoti, una pengo la siku nne kati ya mkanda na mkanda, una begi bila mtoto. Akikubali, mwombe mkae mtazame tena pamoja, kinasa sauti kikiwa mezani, naye akijua kwamba kimewashwa.